Mtunzi wa Tamthilia na Lugha ya Sokoni: Kazi ya Joseph Abuk mjini Juba na Funzo Lake kwa Tamthilia ya Kiswahili ya Runinga nchini Sudan Kusini

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kazi na mtazamo wa kisanaa wa watunzi wa tamthilia mjini Juba, hasa Joseph Abuk, aliyetafsiri Cymbeline ya William Shakespeare kwa Kiarabu cha Juba na kuiongoza jukwaani London mwaka 2012 akishirikiana na Derik Uya Alfred. Kazi hiyo inawekwa katika historia ya sera za lugha za Sudan Kusini tangu Mkutano wa Rejaf wa mwaka 1928, kisha inalinganishwa na tamthilia za redio na runinga za Kenya na Tanzania. Hoja inayojengwa ni kwamba mtunzi wa Juba alipata hadhira kwa kuandika katika lugha ambayo watu tayari walinunulia, waligombania na kuchumbia, ingawa hakuna sera iliyoitambua lugha hiyo. Ikiwa Kiswahili kitaingia katika runinga ya Juba, kitafanikiwa zaidi kikiingia kupitia wahusika ambao kweli wanakizungumza mjini humo, na kwa mkono wa watunzi wa hapo hapo. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa wanaoshauri kuhusu sera.

1.0 Utangulizi

Tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, mjadala kuhusu Kiswahili nchini humo umejikita zaidi shuleni: walimu watatoka wapi, mtaala utakuwaje, vitabu vitachapishwa na nani. Mjadala huo ni wa lazima. Hata hivyo, historia ya lugha za eneo hili inaonyesha kwamba mtu mzima ambaye hatarudi darasani hujifunza lugha mpya kwa njia nyingine: soko, barabara, ibada, muziki na maigizo. Miongoni mwa njia hizo, tamthilia ya redio na ya runinga ina sifa ya pekee kwa mshauri wa sera. Ina mtunzi anayeweza kufunzwa na kulipwa, ina kituo cha utangazaji chenye wajibu kwa umma, na ina ratiba inayoweza kupangwa.

Ndiyo maana swali la msingi la makala haya linamhusu mtunzi. Mtunzi wa tamthilia anayefanya kazi Juba huchagua lugha gani, na uchaguzi huo umemletea nini? Kulijibu kunahitaji kuanzia mbali kidogo na runinga yenyewe, kwa sababu sanaa ya utunzi wa tamthilia mjini Juba ililelewa jukwaani na redioni kabla ya kuikaribia kamera. Atakayeandikia runinga ya Sudan Kusini anarithi uzoefu wa jukwaa hilo, pamoja na maamuzi yake kuhusu lugha.

2.0 Lugha ya sera na lugha ya mji, 1928 hadi 2011

Mwaka 1928 wakoloni Waingereza, wamisionari na wataalamu wa lugha walikutana Rejaf, kando ya Mto Nile karibu na Juba, ili kuamua lugha za kufundishia katika shule za kusini mwa Sudan. Lugha zilizopewa nafasi ya kwanza ni Kibari, Kidinka, Kikreish, Kilatuko, Kinuer, Kishilluk na Kizande. Kiingereza kiliwekwa juu yake kama lugha ya utawala. Kiarabu kilitazamwa kwa shaka, na kile kilichoitwa Sera ya Kusini, kilichotangazwa mwaka 1930, kilikusudia kupunguza athari zake.

Kiarabu kilichozungumzwa mitaani, hata hivyo, kilikuwa kimeshaota mizizi kabla ya Waingereza kufika. Kilizaliwa katika kambi za askari na wafanyabiashara za karne ya 19, wakati utawala wa Misri na Uturuki ulipopanuka kuelekea Nile ya juu. Watu wa makabila mengi waliochukuliwa au kuandikishwa jeshini walilazimika kuelewana, na kutokana na hali hiyo ikaibuka lugha yenye msamiati wa Kiarabu na sarufi yake yenyewe. Tawi moja la lugha hiyo lilihamia kusini. Mwaka 1891 Frederick Lugard aliwachukua askari waliobaki baada ya Emin Pasha kuondoka na kuwapeleka Uganda. Wazao wao ndio Wanubi wa Uganda na wa Kibera, Nairobi, ambao kwa zaidi ya karne moja wameishi na Kinubi pamoja na Kiswahili. Tawi lililobaki ndilo linaloitwa leo Kiarabu cha Juba. Kwa hiyo makutano ya lugha hii na Kiswahili yana umri mrefu kuliko mkataba wowote wa Jumuiya.

Baada ya uhuru wa Sudan mwaka 1956, serikali ya Khartoum iligeuza mwelekeo: shule za misheni zilitaifishwa mwaka 1957 na Kiarabu sanifu kikasukumwa kusini. Mkataba wa Addis Ababa wa mwaka 1972 uliupa Mkoa wa Kusini nafasi ya kutumia Kiingereza kama lugha yake kuu, Kiarabu kikibaki lugha rasmi ya nchi nzima. Katiba ya Mpito ya Sudan Kusini ya mwaka 2005 ilizitambua zote mbili kuwa lugha za kazi. Katiba ya mwaka 2011, iliyokuja na uhuru, ilikiacha Kiarabu kando: Kiingereza kikawa lugha rasmi ya kazi na ya kufundishia, na lugha zote za asili zikatangazwa kuwa lugha za taifa.

Katika mabadiliko yote hayo, Kiarabu cha Juba hakikupewa cheo. Hakikuwa Kiarabu cha kutosha machoni mwa Khartoum, wala hakikuwa lugha ya kabila fulani machoni mwa wale waliotetea lugha za asili. Hata hivyo, mwanaisimu Mfaransa Catherine Miller, aliyefanya utafiti mjini humo katika miaka ya 1980, alionyesha jinsi kilivyotumika hata katika mahakama za mitaa, mahali ambapo mtu huhitaji lugha ya kujitetea. Mtunzi wa tamthilia anazihitaji sifa hizo hizo: lugha ya kudai, kukana, kushawishi na kuomba msamaha.

3.0 Kutoka kambi za Khartoum hadi ukingo wa Mto Thames

Vita vya pili vya Sudan, vilivyoanza mwaka 1983, viliwatawanya watu wa kusini. Wengi walikimbilia pembezoni mwa Khartoum. Huko, mwaka 1994, kilianzishwa kikundi cha Kwoto, na Derik Uya Alfred alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Kwoto kilikusanya ngoma na nyimbo za jamii mbalimbali za kusini, kikaziunganisha kwa maigizo ya Kiarabu cha Juba. Katika mji ambao serikali yake ilitaka watu wa kusini wazungumze Kiarabu kingine, kuigiza kwa Kiarabu hiki kulikuwa pia tamko la utambulisho. Mdinka na Mbari waliokaa pamoja kutazama hawakuhitaji mkalimani, na hakuna kati yao aliyejihisi mgeni.

Uzoefu huo ndio uliobebwa hadi London mara tu baada ya uhuru. Mwaka 2012, ukumbi wa Shakespeare's Globe uliandaa tamasha la tamthilia 37 za Shakespeare katika lugha 37. Kikundi kipya cha South Sudan Theatre Company kilipewa Cymbeline. Joseph Abuk aliitafsiri kwa Kiarabu cha Juba, naye pamoja na Derik Uya Alfred wakaiongoza. Ilionyeshwa mapema mwezi Mei, wakati Jamhuri ya Sudan Kusini haijatimiza mwaka mmoja. Siku chache kabla, katika jukwaa hilo hilo, waigizaji kutoka Kenya walikuwa wamecheza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili, kwa tafsiri ya Joshua Ogutu. Lugha mbili zinazokutana kila siku katika barabara ya Nimule zilipanda jukwaa moja ndani ya majuma mawili.

Tofauti ya hali zao inafaa kuzingatiwa. Aliyetafsiri kwa Kiswahili alikuwa na watangulizi: Julius Nyerere alikwisha kutafsiri Julius Caesar na The Merchant of Venice katika miaka ya 1960, na S. S. Mushi alikwisha kutafsiri Macbeth na The Tempest. Kulikuwa na kamusi nyingi, tahajia sanifu na jadi ya ushairi ya karne kadhaa. Aliyetafsiri kwa Kiarabu cha Juba alikuwa na lugha iliyoandikwa kwa nadra, kwa kawaida kwa herufi za Kirumi, ambayo wasomi wengi wa nchi yake waliiona ni Kiarabu kilichovunjika. Kuipa lugha hiyo maneno ya wafalme ilikuwa hatua ya kisanaa na ya kisera kwa wakati mmoja.

Uteuzi wa tamthilia nao ulibeba uzito. Cymbeline ni mfalme wa Uingereza ya kale anayekataa kuilipa Roma kodi ya utii. Vita vinazuka, Waingereza wanashinda, na mwishoni, katika hali isiyotarajiwa, mshindi anakubali kulipa kodi ile ile ili amani irudi. Mnamo Januari 2012 Sudan Kusini ilisimamisha uzalishaji wa mafuta kwa sababu ya mgogoro na Khartoum juu ya ada za kupitisha mafuta katika bomba la kaskazini. Mwezi Aprili majeshi ya nchi hizo mbili yalipigana Heglig. Septemba mwaka huo huo zikatiwa saini Addis Ababa hati za makubaliano, yakiwemo ya ada hizo. Mtazamaji wa Sudan Kusini hakuhitaji kuelezwa kwa nini kisa cha mfalme, kodi na jirani mwenye nguvu kilimhusu. Wala hakuhitaji kuelezwa ugumu wa mwisho wake, kwamba mtu anaweza kushinda vita na bado akahitaji kupatana na aliyemshinda.

4.0 Mtazamo wa kisanaa: mambo matatu

Kutokana na kazi hiyo na ile ya Kwoto iliyoitangulia, mambo matatu yanajitokeza kama mtazamo wa kisanaa wa watunzi wa Juba.

La kwanza ni kwamba lugha ya tamthilia huchaguliwa kwa kuangalia hadhira kabla ya kuangalia hadhi. Kiingereza kingekuwa chaguo salama kwa taifa lililokuwa limekitangaza kuwa lugha yake rasmi, tena katika ukumbi ulioko London. Kuchagua mojawapo ya lugha za asili kungekuwa na heshima yake pia, lakini kungeigawa hadhira ya nyumbani. Lugha ya sokoni ndiyo iliyoweza kumfikia kila aliyekuwa Juba.

La pili ni kwamba tafauti za kijamii huonyeshwa ndani ya lugha moja badala ya kuzifuta. Kiarabu cha Juba hakizungumzwi kwa namna moja: aliyesoma Khartoum hukisogeza kuelekea Kiarabu cha kaskazini, na anayetoka kijijini hukitamka kwa lafudhi ya lugha yake ya kwanza. Kwa mwanaisimu hizo ni tofauti za kijamii za matumizi ya lugha. Kwa mtunzi ni malighafi ya kuwaumba wahusika.

Runinga ya Kiswahili inalijua jambo hili vizuri. Katika Vitimbi, kipindi kilichooneshwa kwa miongo kadhaa katika runinga ya taifa ya Kenya, Mzee Ojwang alizungumza Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kijaluo. Mwigizaji wake, Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu. Lafudhi ile ilikuwa sanaa, na Wakenya wa makabila yote waliipokea hivyo. Vivyo hivyo Maria, tamthilia iliyooneshwa na Citizen TV kuanzia mwaka 2019 na kutengenezwa na kampuni ya Jiffy Pictures ya Rashid Abdalla na Lulu Hassan, ilimweka msichana wa mtaa wa mabanda anayezungumza Sheng ndani ya nyumba ya kitajiri. Sehemu kubwa ya mgongano wa kisa hicho husikika kwanza katika namna wahusika wanavyozungumza.

La tatu ni kwamba kisa cha mbali kinaweza kutumika kusema jambo la karibu. Katika nchi ambako kusema wazi kuhusu uongozi na vita kuna hatari, mtunzi hupata nafasi kwa kumtuma mfalme wa kale aseme badala yake. Mbinu hii si mpya kwa wasomaji wa fasihi ya Kiswahili, ambayo ina jadi ndefu ya mafumbo. Umuhimu wake hapa ni kwamba inamwezesha mtunzi kubaki kazini, na kazi yake iendelee kuoneshwa.

5.0 Redio kama shule ya mtunzi wa runinga

Safari ya mtunzi kutoka jukwaani hadi kwenye runinga nchini Sudan Kusini inapita redioni, kwa sababu za wazi: umeme ni haba nje ya miji, na redio ndogo ya betri hufika mahali ambapo runinga haifiki. Sudan Radio Service ilianza mwaka 2003 ikirusha matangazo kutoka Nairobi kwa lugha kadhaa. Redio Miraya ya Umoja wa Mataifa ilianza mwaka 2006. Mwaka 2014, vita vya ndani vilivyozuka Desemba 2013 vikiwa vinaendelea, ulianza mchezo wa redio wa vijana uitwao Sawa Shabab, jina linaloweza kufasiriwa kuwa "vijana pamoja". Ulitangazwa kwa lugha zaidi ya moja, Kiarabu cha Juba kikiwemo, na ulihusu vijana wa asili tofauti wanaojifunza kuishi pamoja.

Aina hii ya mchezo wa mfululizo ina historia inayofahamika. Mwandaaji wa runinga wa Mexico, Miguel Sabido, alianza katika miaka ya 1970 kutunga tamthilia zenye wahusika wa aina tatu: mwema, mwovu, na wa kati anayesitasita kisha kubadilika. Utaratibu huo ulifika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1980 kupitia tamthilia ya runinga Tushauriane. Ulifika pia Tanzania, ambako Redio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati mwaka 1993. Mhusika wake maarufu, Mkwaju, alikuwa dereva wa lori mwenye wapenzi njiani, ambaye mwishowe alipatwa na UKIMWI. Mkewe Tunu alimwacha na kuanza biashara yake mwenyewe. Kwa kuwa mchezo huo haukurushwa Dodoma katika miaka miwili ya mwanzo, watafiti akiwemo Everett Rogers waliweza kulinganisha eneo lililousikia na lisilousikia. Waligundua kwamba uliongeza matumizi ya uzazi wa mpango na mazungumzo kati ya wanandoa.

Funzo moja la Twende na Wakati halizungumzwi sana, nalo linahusu lugha moja kwa moja. Mchezo huo uliaminika kwa sababu dereva alizungumza kama dereva. Barabara kuu za Tanzania zilikuwa na akina Mkwaju, na Kiswahili chao kilijulikana. Iwapo mtunzi angempa hotuba ya afisa wa afya, msikilizaji angetambua mara moja kwamba anafundishwa. Ujumbe ulifika kwa kuwa lugha ilimtangulia.

Hapo ndipo penye hatari kwa mtunzi wa Juba. Mwajiri wake mkubwa kwa miaka mingi amekuwa mfadhili mwenye ujumbe: amani, chanjo, uchaguzi, elimu ya msichana. Ujumbe huo ni muhimu, lakini mradi huwa na mwisho, na mradi unapokwisha mtunzi hubaki bila kazi. Anajifunza kuandika vipindi 20 vya mada iliyoamuliwa na wengine, na hapati nafasi ya kukomaa katika kisa cha vipindi 200 alichokibuni mwenyewe. Nairobi na Dar es Salaam zina watunzi wanaoishi kwa kalamu ya runinga kwa sababu kuna vituo vinavyonunua kazi mwaka hadi mwaka. Bila mnunuzi wa kudumu, kipaji cha Juba kitaendelea kuwa cha msimu.

6.0 Kiswahili katika skrini ya Juba

Kiswahili kimeshafika Juba, nacho kilifika kabla ya walimu. Kambi ya Kakuma, kaskazini magharibi mwa Kenya, ilifunguliwa mwaka 1992, na shule zake zimefuata mtaala wa Kenya, ambamo Kiswahili ni somo la lazima. Kizazi kizima cha vijana wa Sudan Kusini kilifanya mtihani wa Kiswahili huko kabla ya kurudi nyumbani. Miongoni mwao walikuwamo waliojifunza pia uigizaji na matumizi ya kamera kambini. Kikundi cha Woyee, kilichotoa filamu ya Jamila mwaka 2011, kina asili yake Kakuma. Aidha barabara ya lami ya kilomita 192 kutoka Juba hadi Nimule, iliyokamilika mwaka 2012, huleta kila siku madereva na wachuuzi kutoka Uganda na Kenya hadi soko la Konyokonyo. Mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, jambo linaloongeza uzito wa barabara hiyo.

Wahusika wanaozungumza Kiswahili mjini Juba, basi, wanajulikana: kijana aliyerudi kutoka Kakuma, mfanyabiashara wa Kenya au Uganda, dereva wa lori, mama aliyeolewa Eldoret akarudi. Hawa huongea Kiarabu cha Juba na majirani, Kiingereza ofisini, na Kiswahili wanapokutana wenyewe kwa wenyewe. Tamthilia inayowaonyesha hivyo itakuwa ya kweli. Tamthilia inayoweka familia nzima ya Gudele ikizungumza Kiswahili cha Unguja mezani itachekesha pasipokusudiwa.

Lugha zenyewe zinamsaidia mtunzi. Kiswahili na Kiarabu cha Juba vimechota msamiati mwingi katika kisima kimoja: soko na suk, kitabu na kitab, sukari na sukar, sabuni na sabun. Mtazamaji anayesikia neno analolijua ndani ya sentensi asiyoijua hupata pa kushika. Mtunzi stadi anaweza kuyapanga maneno hayo katika nyakati muhimu za kisa, ili anayejua lugha moja afuate mazungumzo ya lugha ya pili bila maandishi chini ya picha. Hapa Kiarabu cha Juba kinakuwa daraja la Kiswahili, si mshindani wake.

Pingamizi mbili zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni ya wanaohofia kwamba lugha mchanganyiko itakichafua Kiswahili. Uzoefu wa Kenya haukubaliani na hofu hiyo kikamilifu: Vitimbi havikukiua Kiswahili sanifu, ambacho kiliendelea kutawala taarifa za habari za kituo hicho hicho. Kazi ya usanifishaji ina mahali pake, shuleni na katika vyombo kama Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Tamthilia ina kazi nyingine, ya kumfanya mtu atamani kuelewa.

Pingamizi ya pili ni ya gharama. Ni rahisi kuchukua tamthilia ambazo tayari zipo, kama zile za Kituruki ambazo Azam TV ya Dar es Salaam huzionesha zikiwa zimetiwa sauti za Kiswahili. Ni kweli kwamba tamthilia hizo zimewazoesha wengi kusikia Kiswahili. Lakini haziajiri mtunzi wa Juba, hazimwonyeshi mtazamaji maisha yake, na haziachi ujuzi wowote nchini. Zinaweza kujaza muda wa matangazo wakati kazi ya nyumbani inaandaliwa. Zikiichukua nafasi hiyo kwa kudumu, Kiswahili kitabaki kuwa lugha ya watu wengine wanaoonekana kwenye kioo.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Kazi ya Joseph Abuk na wenzake inaonyesha kwamba lugha isiyo na cheo inaweza kupewa heshima na jukwaa kabla ya kupewa na sheria. Hali ya Kiswahili nchini Sudan Kusini ni kinyume chake: kimeanza kupewa heshima na mikataba kabla hakijapata jukwaa. Mkataba wa Jumuiya unakitaja kama lugha ya mawasiliano mapana, na tangu mwaka 2021 UNESCO imeitenga tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani. Kinachokosekana ni visa ambavyo mtu wa Juba atavisubiri jioni.

Kutokana na uchambuzi huu, mapendekezo manne yanatolewa. Kwanza, Shirika la Utangazaji la Sudan Kusini (SSBC) litenge muda wa kudumu kwa tamthilia zinazotungwa nchini, na lizinunue kwa mkataba wa misimu kadhaa, ili mtunzi awe na ajira inayodumu kuliko mradi mmoja. Pili, programu za Kiswahili zinazofadhiliwa na Jumuiya zigharamie warsha za uandishi wa miswada mjini Juba kwa kuwakutanisha watunzi wa Sudan Kusini na wenzao wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, watunzi wa Juba wakibaki wamiliki wa visa. Tatu, kila tamthilia ianzie redioni, ambako gharama ni ndogo na hadhira ni kubwa, kisha zile zilizopendwa zihamishiwe kwenye runinga. Nne, miongozo ya utangazaji iruhusu waziwazi matumizi ya Kiswahili, Kiarabu cha Juba na lugha za asili ndani ya tamthilia moja, kadiri wahusika wanavyohitaji.

Pendekezo la mwisho ndilo lisilogharimu fedha, na huenda likawa gumu kuliko yote, kwa kuwa linawataka wapanga sera waache kuiuliza tamthilia kama lugha yake ni safi, waulize kama kuna anayeisikiliza. Tangu Rejaf, mjini Juba, swali la kwanza limeulizwa mara nyingi na wenye mamlaka. La pili limeachiwa watunzi, na wao ndio waliolijibu.